Mshika Mawili: Kijana kati ya Raga na Shahada

Wahenga walinena kuwa mshika mawili moja humponyoka. Methali hii hukaririwa na wazazi na walimu kila mara kijana wa chuo aonekanapo amebeba viatu vya njumu katika mkoba uleule wenye madaftari yake. Ni kauli yenye busara, na mara nyingi huthibitishwa na matokeo ya mitihani. Hata hivyo, methali hiyo ina kimya chake. Haisemi ni nani aliyeyatia hayo mawili mikononi mwa mshikaji, wala haisemi iwapo yeyote aliwahi kumsaidia kuyashika. Maisha ya mwanafunzi mmoja wa Kiswahili, ambaye pia ni mchezaji wa raga wa vijana walio chini ya umri wa miaka 20, yanatoa fursa ya kuitazama upya kauli hiyo.

Kijana huyu yumo katika mwaka wa pili wa masomo ya ualimu, Kiswahili na Historia, katika chuo kikuu kimoja jijini Nairobi. Ni kitinda mimba wa mama mchuuzi wa mboga kutoka Magharibi mwa Kenya. Aliingia katika raga akiwa kidato cha kwanza kwa sababu isiyo na utukufu wowote: timu ya kandanda ya shule ilikuwa imejaa. Mwalimu wa michezo aliutazama mwili wake mdogo, akaisikia sauti yake kubwa, akamkabidhi jezi nambari tisa. Katika raga ya wachezaji 15, nambari tisa ndiye anayesimama baina ya mafowadi, ambao huung'ang'ania mpira kwa nguvu za mabega, na mabeki, ambao hukimbia nao. Mpira hutoka kwa hawa ukafika kwa wale kupitia mikono yake. Akichelewa kidogo, mafowadi wamefanya kazi ya bure. Akiharakisha mno, mabeki hawajajipanga. Kazi yake tangu hapo imekuwa kuunganisha makundi mawili. Hakujua kuwa kazi iyo hiyo ingemngoja chuoni.

Uhusiano wa raga na vyuo vikuu nchini Kenya si jambo la jana. Mean Machine, timu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilianza katika miaka ya 1970 na imewahi kutwaa Kombe la Kenya, ambalo ndilo taji kuu la vilabu. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina Blak Blad, nacho Chuo Kikuu cha Strathmore kina Leos. Timu hizi za wanafunzi zimekuwa zikikabiliana na vilabu vyenye watu wazima, watu wenye ajira na miili iliyokomaa. Chuo, basi, ni mojawapo ya visima ambamo raga ya Kenya huchota wachezaji wake, na sababu yake ni ya hesabu tu. Mwanafunzi wa mfumo wa 8-4-4 humaliza kidato cha nne akiwa na umri wa miaka 18 hivi. Kikosi cha taifa cha vijana, kiitwacho Chipu, huchukua walio chini ya miaka 20. Muda wa kijana kuonekana na wateuzi ni mfupi mno: huangukia mwaka wa kwanza na wa pili wa chuo, na aghalabu huwa umekwisha kabla ya mwaka wa tatu. Miaka iyo hiyo miwili ndiyo ambayo msingi wa shahada hujengwa. Mgongano huu haukupangwa na mtu. Umepangwa na tarehe ya kuzaliwa.

Asiyeijua raga hudhani kuwa mazoezi yake ni kukimbia kuzunguka uwanja. Mchezo wenyewe huchukua dakika 80, na katika dakika hizo mwili hugongana na mwili pasipo kinga kubwa zaidi ya kikinga meno. Mwili wa kuhimili hayo sharti ujengwe. Kwa kijana huyu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa huanza saa kumi na moja alfajiri katika jimu, akinyanyua vyuma kabla bweni halijaamka. Saa mbili yumo katika ukumbi wa mihadhara. Jumanne na Alhamisi jioni huabiri matatu hadi Barabara ya Ngong, ambako mazoezi ya uwanjani huanza saa kumi na moja na nusu na kumalizika saa moja na nusu usiku. Kisha pana safari ya kurudi, na kila aijuaye Nairobi anafahamu safari ya usiku mvua inaponyesha: saa nne humkuta bado yu njiani, amelalia begi lake. Jumamosi ni ya mechi. Jumapili mwili hudai haki yake, nayo kazi ya Jumatatu iliyotolewa na mhadhiri hudai haki yake.

Tena mwili huo hula. Wenzake hutosheka na chapati na maharagwe. Yeye ameagizwa ale mayai manne kila asubuhi, na nyama au dengu mchana na jioni. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu unapoingia, fungu kubwa huishia katika mayai na nauli. Fungu la vitabu ndilo husubiri, kwa kuwa kitabu huweza kuazimwa maktabani ilhali yai haliazimwi.

Si haki kudai kuwa raga ilimnyang'anya masomo. Katika mwaka wa kwanza ilimsaidia. Mtu aliyezoea kuamka alfajiri kwa ajili ya vyuma haoni taabu kuwahi mhadhara wa saa mbili. Alijifunza kusoma ndani ya matatu, akajifunza kujirekodi kwa simu akisoma maelezo ya somo ili ayasikilize akiwa jimu. Wenzake walimcheka walipomsikia akihema na kutaja ngeli za nomino kwa wakati mmoja. Mwisho wa mwaka huo alipata wastani wa daraja la pili la juu. Methali ya wahenga ilikuwa bado haijampata.

Mashaka yalianza kalenda mbili zilipokutana. Kombe la Kenya kwa kawaida huanza kuelekea mwisho wa mwaka na kuendelea hadi miezi ya kwanza ya mwaka unaofuata. Ifikapo katikati ya mwaka, raga ya wachezaji saba kila upande huanza mzunguko wake wa mji hadi mji: Prinsloo kule Nakuru, Dala kule Kisumu, Driftwood kule Mombasa, Christie jijini Nairobi. Baina ya hayo pana mashindano ya vijana. Mnamo Aprili 2019, Chipu iliishinda Namibia alama 21 kwa 18 jijini Nairobi, ikatwaa Kombe la Barthes na kujikatia tikiti ya kwenda kushindana Brazil mwezi Julai mwaka huo. Ushindi huo ulisherehekewa, na ulistahili. Lakini Aprili ni mwezi wa mitihani katika vyuo vingi, na nyimbo za ushindi hazimuulizi mchezaji ameacha karatasi gani bila kuiandika. Kalenda ya chuo hutungwa na seneti; ile ya raga hutungwa na wasimamizi wa mchezo. Hakuna kikao ambacho kalenda hizo mbili huwekwa juu ya meza moja. Meza yake ni kijana mwenyewe.

Katika muhula wa pili wa mwaka wa pili, klabu yake iliandaa kambi ya siku nne kwa vijana waliokuwa wakinolewa kwa ajili ya uteuzi. Kambi hiyo iliangukia juma la jaribio la Fasihi Simulizi. Barua ya kumwombea ruhusa ilimfikia mhadhiri siku mbili kabla ya jaribio.

"Kijana, barua hii umeipata lini?"

"Jana jioni, Mwalimu."

"Na jaribio nililitangaza lini?"

"Mwezi uliopita, Mwalimu."

"Na huyo kocha wako, ulimwambia lini kuhusu jaribio?"

Kijana alinyamaza. Hakuwa amemwambia, kwa kuwa katika kikosi chenye nafasi moja tu ya nambari tisa, mchezaji ataneneaje kuhusu majaribio ya Fasihi bila kuonekana kuwa roho yake haimo mchezoni? Mhadhiri alikataa. Kijana akaandika jaribio, akafika kambini siku ya tatu, akakuta mbinu mpya zimeshafundishwa na mwenzake anazitekeleza. Mhadhiri alikuwa na haki: akimruhusu mmoja, wengine 200 watadai nini? Kocha naye alikuwa na haki: ishara za kurusha mpira kutoka pembeni hazijifunzwi kwa kusimuliwa. Hasara ilikuwa ya aliyesimama katikati.

Katika mazungumzo ya namna hii jina la Humphrey Kayange halikosi kutajwa. Na ni jina la fahari. Kayange alikuwa nahodha wa timu ya taifa ya wachezaji saba ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Dubai mnamo 2009. Wakati huohuo alikuwa msomi wa Kemia, fani aliyoisomea hadi shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka wa 2021 aliingizwa katika orodha ya magwiji wa raga duniani, na mwaka uo huo akachaguliwa kuwa mwanachama wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mfano wake unathibitisha kuwa yote mawili yawezekana. Tatizo ni jinsi mfano huo unavyotumiwa. Kocha humtaja kuwa kielelezo cha kutokosa mazoezi. Mhadhiri humtaja kuwa kielelezo cha kutokosa mitihani. Kijana huyasikia yote mawili na kukata kauli kuwa akishindwa, udhaifu ni wake peke yake. Gwiji anayepaswa kuwa taa anageuzwa kuwa fimbo.

Fimbo hiyo ilimwumiza Jumamosi moja ya mwezi Machi. Katika mechi ya klabu aliinama kuuchukua mpira chini ya rundo la wachezaji, na goti la mpinzani likamgonga kwenye kipaji cha uso. Aliinuka. Alicheza dakika nne zaidi, kisha akamrushia mpira mpinzani mikononi kana kwamba ni mwenzake. Daktari wa timu alimwondoa uwanjani papo hapo. Ulikuwa mtikiso wa ubongo.

Mwongozo wa shirikisho la raga duniani mintarafu ya jeraha hili uko wazi. Anayeshukiwa kuwa nalo huondolewa mchezoni na harudi siku hiyo. Hupumzika kwa siku moja au mbili za mwanzo, akiepuka hata kukodolea macho simu na runinga, kisha hurejea kwa hatua, na katika raga ya ngazi za kawaida hachezi mechi kabla ya siku 21 kupita. Pana jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha: kwa mwanafunzi, kurejea masomoni kikamilifu hutangulia kurejea uwanjani. Sababu yake ni dhahiri. Kichwa kinachopima kasi ya mpinzani ndicho kinachopima mizani ya ushairi. Mwanafunzi hana ubongo wa darasani na mwingine wa uwanjani.

Jumanne iliyofuata palikuwa na jaribio la Ushairi. Kijana hakumwambia mhadhiri kuhusu kichwa, maana alikuwa ameshawahi kukataliwa mara moja na hakutaka kuonekana mtu wa visingizio. Hakumwambia daktari kuhusu jaribio, maana angezuiwa kusoma, na asiposoma angeanguka. Alimficha mhadhiri kichwa, akamficha daktari mtihani. Akakaa katika kiti cha nyuma, mbali na dirisha kwa kuwa mwanga ulimchoma macho.

Swali la kwanza lilimtaka achanganue beti za utenzi. Utenzi ni bahari iliyo rahisi kuitambua: mishororo minne kwa kila ubeti, na kwa kawaida mizani minane kwa kila mshororo. Mtoto wa kidato cha pili huihesabu kwa vidole. Kijana aliihesabu kwa vidole. Alifika tano akasahau alipoanzia. Akarudia. Alifika sita, maneno yakaanza kuogelea, naye akaweka kalamu chini akafumba macho. Alipoyafumbua dakika 20 zilikuwa zimepita. Aliandika kurasa mbili zilizoanza na hoja ya vina na kuishia katika sentensi isiyokuwa na kitenzi.

Mhadhiri wa Ushairi alikuwa yuleyule wa Fasihi Simulizi. Alipoisoma kazi hiyo hakuandika alama. Alimwita ofisini.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu, Mwalimu."

"Sijakuuliza ili nikushtaki. Nimesoma kazi zako tangu mwaka wa kwanza, na aliyeandika haya ni mgonjwa. Unaumwa na nini?"

Ndipo alipomweleza. Mhadhiri aliomba nambari ya simu ya daktari wa timu akampigia pale pale. Walizungumza kwa dakika zisizozidi kumi. Katika mwaka mzima na nusu ambapo kijana alikuwa akibeba barua na visingizio huku na huku, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa chuo na klabu kusemezana moja kwa moja. Daktari alipata kujua kuwa mgonjwa wake amekuwa akikesha na vitabu. Mhadhiri alipata kujua kuwa mwanafunzi wake hakupaswa kusoma lolote siku ile. Jaribio lilifutwa, akapewa jingine maalumu baada ya kupona. Kwa upande wa klabu, siku zake 21 zilihesabiwa upya tangu mwanzo, kwa sababu dalili hazikuwa zimekwisha kama alivyodai.

Hesabu hiyo mpya ilikuwa na gharama. Kikosi cha mashindano ya vijana kilitajwa akiwa bado hajaruhusiwa kugusana na mchezaji mwenziwe. Nambari tisa alikuwa kijana mwingine, na wa akiba alikuwa mwingine tena. Naye atatimiza miaka 20 kabla ya mashindano yajayo. Nafasi hiyo haitarudi. Angeendelea kusema uongo siku chache zaidi, yamkini angeipata. Na yamkini pia pigo la pili lingemkuta ubongo haujapona, jambo ambalo madaktari huliogopa kuliko pigo la kwanza.

Usiku wa siku ile alimpigia simu mama yake.

"Mama, sikuchaguliwa."

"Kichwa je, bado kinauma?"

"Kimepoa, mama."

"Basi shukuru Mungu. Mwanangu, mimi nilipeleka kichwa chuoni. Hiyo miguu ilifuata tu."

Alicheka, ingawa machozi hayakuwa mbali.

Katika majuma ya kupona, mhadhiri alimpendekezea mada ya utafiti mdogo: rejesta ya raga katika viwanja vya Nairobi. Ni mada yenye rutuba. Kandanda imepata msamiati mpana wa Kiswahili kupitia watangazaji wa redio: mlinda lango, kuotea, mkwaju wa penalti, kona. Raga haikupata bahati hiyo kwa kiwango sawa. Mchezaji akiukandamiza mpira chini nyuma ya mstari wa lango la wapinzani hupata alama tano, na kitendo hicho huitwa trai hata na asemaye Kiswahili fasaha. Skramu ni skramu, raki ni raki. Je, istilahi hizi zibaki katika vazi la kutoholewa, au zitafutiwe maneno ya asili? Na nani mwenye mamlaka ya kuzitunga: wanaisimu au wale wanaozitamka wakiwa wamejaa matope? Kijana amekuwa akizikusanya ukingoni mwa uwanja, daftari mkononi. Kwa mara ya kwanza, mkoba wake una vitu viwili visivyogombana.

Tukio la kijana huyu si la kipekee, na tiba yake haihitaji fedha nyingi. Mwanzoni mwa kila muhula, ofisi ya michezo ya chuo na benchi la kiufundi la klabu wanaweza kubadilishana ratiba, ili mgongano ujulikane miezi miwili kabla badala ya siku mbili. Mwanafunzi aliye katika mazoezi ya ngazi ya juu anaweza kuteuliwa mhadhiri mmoja wa kumfuatilia, ambaye makocha wanaijua nambari yake ya simu. Na ripoti ya mtikiso wa ubongo inapaswa kufika idarani siku ileile inapofika klabuni, isipitie mkononi mwa majeruhi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye sababu nyingi zaidi za kuificha. Hakuna lolote kati ya hayo linalomwondolea kijana wajibu wa kufanya kazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye ameinama vya kutosha.

Wapo watakaosema kuwa ni heri aiache raga, kwani raga nchini Kenya haijawa ajira ya kutegemewa na wengi, na miaka ya mchezaji ni michache. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu shahada haipaswi kuuzwa kwa jezi yoyote. Lakini kumwambia kijana wa miaka 19 aache anachokiweza kuliko wengi wa rika lake ni kumfundisha kuwa elimu ni adui wa vipaji. Atakapokuwa mwalimu, atakuja kuwafundisha wengine hivyo hivyo.

Wahenga wale wale walionena juu ya mshika mawili walinena pia kuwa mkono mmoja haulei mwana. Methali hizi mbili hazipingani, zinasomana. Ya kwanza yamwonya anayeshika. Ya pili yawauliza walio karibu naye mikono yao iko wapi. Chuo na klabu ndio waliomkabidhi kijana mizigo hiyo miwili, kila mmoja akijua wake tu. Onyo la wahenga linapaswa kufika kwao kwanza, kabla halijasomewa kijana.